Lori Lililovuka Bahari Ndani ya Kasha

Waheshimiwa, walimu wenzangu, wanafunzi, asanteni kwa kuitikia wito.

Vita Kuu ya Pili ikitajwa, fikra hukimbilia vifaru, ndege na mabomu. Leo naomba tushughulike na lori, tena aina moja hasa: Studebaker US6, la tani mbili na nusu, la ekseli tatu, lililotoka katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Yaliundwa takriban 200,000, na mengi kati ya hayo hayakutumiwa na askari wa Marekani hata siku moja. Yalipelekwa kwa Jeshi Jekundu la Umoja wa Kisovieti.

Machi 1941, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwakopesha na kuwakodisha zana washirika. Tarehe 22 Juni mwaka huohuo Ujerumani ikaivamia Urusi. Warusi walikuwa na viwanda vyao vya malori. Kile cha Gorky kilizaliwa na mkataba wao na Ford wa mwaka 1929, na gari lake lilibeba tani moja na nusu tu. Vita vilipopamba moto, sehemu ya kiwanda hicho ikageuzwa kuunda vifaru vyepesi. Malori yakawa yanateketea mstari wa mbele, na nyuma hayaongezeki ya kutosha. Jeshi lenye mamilioni ya watu hula kila siku, hufyatua risasi kila siku, na lina majeruhi wa kurudisha nyuma kila siku. Vyote hivyo vinahitaji usafiri.

Marekani ilikuwa na malori. Shida ilikuwa bahari. Meli ya mizigo huweza kujaa kabla haijafikia uzito inaoweza kuubeba, kwa sababu lori zima huchukua nafasi kubwa yenye hewa tupu: chini ya bodi hewa, ndani ya kabini hewa, kati ya magurudumu hewa. Kwa hiyo malori yalifunguliwa vipande yakafungwa kwenye makasha ya mbao. Kasha hupangwa juu ya kasha, na meli ileile hubeba magari mengi zaidi ya yale ambayo ingebeba yakiwa yamesimama kwa magurudumu yake. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa kufungasha una uzito sawa na uundaji wenyewe, ila hausimuliwi.

Lakini kasha halitembei. Lazima mahali fulani awepo mtu wa kulifungua na kuunganisha vipande.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, bahari ya kaskazini hadi Murmansk na Arkhangelsk, fupi na ya kutisha: Julai 1942 msafara mmoja, PQ 17, ulipoteza meli 24, na magari zaidi ya 3,000 yakazama pamoja nazo. Ya pili, Pasifiki hadi Vladivostok, kisha reli ya kuvuka Siberia nzima. Ya tatu ilipitia Ghuba ya Uajemi hadi Iran. Uingereza na Wasovieti walikuwa wameivamia nchi hiyo Agosti 1941 na kumlazimisha mfalme wake, Reza Shah, kung'atuka, ili njia hiyo iwe mikononi mwao.

Huko ndiko zilikojengwa karakana mbili kubwa za Wamarekani za kuunganisha malori: Andimeshk, bara, kando ya reli, na Khorramshahr, pale mto Karun unapokutana na mto Shatt al-Arab. Wenzangu wa Lamu na Mombasa, hayo ni maji ambayo wazee wetu waliyajua. Majahazi ya huko yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko.

Andimeshk ilianza kazi mwaka 1942 chini ya General Motors kwa mkataba na serikali ya Marekani, na mwaka uliofuata jeshi likachukua usimamizi. Hebu tulitazame gari moja. Kasha linabanduliwa kwa mitaimbo. Fremu inawekwa kwenye laini. Springi na ekseli zinafungwa, magurudumu yanaingia, injini inateremshwa kwa winchi, kabini inafuata, mwishoni bodi. Kisha petroli, maji, betri, na kuwasha. Mkaguzi wa Kisovieti analizunguka, anasikiliza mngurumo, na akiona kasoro analirudisha. Likikubaliwa, linapakiwa shehena na dereva wa Kisovieti analiendesha kaskazini kupitia milimani. Hakuna lori lililoondoka tupu kama mzigo ulikuwapo.

Waliokuwa wakishika spana, wengi wao walikuwa Wairani. Vibarua kwa maelfu, wengi hawajawahi kufanya kazi kiwandani, wakifundishwa hatua moja moja na Wamarekani wasiojua Kifarsi wala Kiarabu. Khuzestan, mkoa wenye karakana hizo, wakati wa kiangazi joto huweza kupita nyuzi 50, na chuma kilichoanikwa juani hakishikiki kwa mkono mtupu. Karakana hizo zilitoa magari zaidi ya 180,000 kwa Wasovieti kabla hazijafungwa. Malori na jipu zote walizopata kutoka Marekani zilizidi kidogo 400,000, kwa hiyo ni karibu nusu iliyopitia mikononi mwa watu hao.

Na watu hao walikuwa na njaa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana ndilo lililonifanya nichague mada hii. Reli ya Iran, iliyokamilika mwaka 1938 kwa kodi za Wairani kwenye sukari na chai yao, sasa ilibeba kwanza mizigo ya vita. Malori ya nchi nayo yakakodiwa na majeshi. Mavuno ya 1942 yalikuwa mabaya, bei zikapaa, wenye ngano wakaificha, na iliyokuwapo haikupata usafiri. Desemba mwaka huo watu wa Tehran walifanya ghasia za kudai mkate, na damu ikamwagika. Katika nchi iliyokuwa ikiunganisha malori kwa maelfu, ngano ilikosa lori. Nimesoma mengi yanayosifu njia ile, na nakubali kwamba ilisaidia kumshinda Hitler. Sikubali ushindi huo usimuliwe bila mkate wa Tehran.

Huko mbele malori yalifanya kazi iliyokusudiwa. Warusi walifunga mitambo ya roketi za Katyusha juu ya Studebaker, kwa sababu lilistahimili matope. Mashambulizi makubwa ya Belarusi yalipoanza Juni 1944, askari wa miguu na mizinga waliweza kufuatana na vifaru kwa mamia ya kilomita, jambo lililowashinda miaka ya mwanzo. Na Minsk, mji mkuu wa Belarusi, ilipokombolewa Julai, kiwanda chake cha magari kilianza maisha kwa kuunganisha malori ya Marekani kutoka kwenye makasha, kazi ileile ya Andimeshk.

Nikomee hapo. Naona mikono imeshainuka, tuanze na dada aliye karibu na dirisha.