Mama Asiambiwe?

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja na mvua hii, hasa mliotoka Tukuyu na Mbalizi.

Sisi wauguzi tunaombwa sana mlangoni mwa wodi: "Nesi, mama asiambiwe." Anayeomba hivyo anampenda mama yake, sina shaka. Lakini mama huyo amesafirishwa zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa Mbeya hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapigwa mionzi. Shamba la viazi limeuzwa. Akiingia sebuleni, watu wananyamaza. Anajua! Mlichomnyima ni mtu wa kuzungumza naye.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuhudumia wagonjwa mahututi, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho, na moja huchochea jingine. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, imejengwa hapo. Nayo haisubiri siku za mwisho; inaweza kuanza mara ugonjwa unapogundulika, sambamba na mionzi.

Mwili utulizwe kwanza, maana aliyekesha akiugulia hana nguvu ya kuongea. Morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hunywewa kila saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Mnaogopa kwamba inamaliza mtu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimharakishii kifo. Inafunga choo, kwa hiyo ulizeni dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

Maumivu yakitulia, lakini kwa wiki mbili mgonjwa bado hataki watu, hana hamu na chochote, anasema yeye ni mzigo, msiseme saratani ndivyo ilivyo. Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Akigusia kutaka kufa, muulizeni waziwazi. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Kisha msimwache peke yake, na mtuite.

Sasa, mtaanzaje? Muulize: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako?" Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Asiyetaka kujua mengi aheshimiwe. Wengine watauliza ada ya mtoto italipwa na nani, au watataja wanapotaka kuzikwa. Najua kwetu hilo linaonekana kama kumchuria mtu. Mimi naliona ni haki yake, na kumzibia mdomo kwa "usiseme hivyo, utapona" ni kumwacha aubebe usiku peke yake.

Karibuni maswali. Mama pale nyuma, uliinua mkono mapema.