Mtama wa Kuoka kwa Boga, Mchicha na Tui

Karibuni, ndugu zangu. Chakula cha leo ni punje nzima za mtama, boga, mchicha na tui la nazi, vyote vikiokwa katika trei moja na kukatwa vipande vikiwa bado vya moto. Jioni ya mvua, kipande kimoja kinakutuliza. Kinachowaharibia wengi ni maji tu. Kila tunachotia humu kina maji yake, na inatupasa kuyatoa kabla trei haijaingia motoni.

Kwa watu 6 hadi 8, pima vikombe 2 vya mtama mweupe, karibu gramu 400. Baadhi ya aina za mtama mwekundu zina ukakasi; ziacheni kwa uji. Tafuta boga la kilo 1, mafungu 2 makubwa ya mchicha, vitunguu maji 2, mayai 3, na tui zito kikombe kimoja na nusu. Trei iwe ya sentimeta 23 kwa 33, kina chake sentimeta 5.

Mtama upepetwe, uchaguliwe mawe, uoshwe, ulowekwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia vikombe 6 vya maji mapya, uchemke kwa moto wa wastani dakika 50 hadi 60. Usiamini saa peke yake. Chukua punje moja, ikate kwa meno, itazame: ukiona nukta nyeupe ya unga katikati, bado. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hudhani oveni itamalizia. Haimalizii! Mkishachanganya na mayai na tui, maji yanayobaki hayatoshi kuivisha punje, na mtakula changarawe. Ukiiva, uchuje, kisha urudishe sufuriani bila kifuniko, mvuke utoke, mpaka uwe vuguvugu.

Boga chagua lenye unga, si la majimaji. Limenye, likate vipande vya sentimeta 2, lipake mafuta kidogo, liokwe peke yake dakika 25 kwa nyuzi 200. Ukilichemsha, linakunywa maji na kuyarudisha yote ndani ya trei. Mchicha nao uutie chumvi kidogo, uunyaushe sufuriani bila maji, upoe, kisha uukamue kwa mikono miwili. Yatatoka maji ya kijani ya kushangaza. Kamua tena. Vitunguu vikaange taratibu hadi viwe na rangi ya dhahabu, pamoja na tangawizi iliyotwangwa.

Mtama hauna ule mvuto wa unga wa ngano, hivyo mayai ndiyo yanayoshika. Yapige pamoja na tui lililopoa, chumvi kijiko kimoja cha chai na pilipili manga. Tui la moto litayagandisha mabonge papo hapo. Changanya mtama, mchicha na vitunguu, mimina tui lenye mayai, na boga liingie mwisho kabisa, kwa mkono mwepesi, lisipondeke.

Machicha ya nazi msiyatupe. Yakaange makavu mpaka yawe ya kahawia, yachanganye na chenga za mkate na mafuta kidogo, uyatandaze juu. Kwangu mimi hayo ndiyo yanayokifanya chakula hiki kiwe cha pwani.

Oka kwa nyuzi 180: dakika 20 za kwanza ukiwa umefunika, 20 nyingine wazi. Tikisa trei, katikati pacheze kidogo kwa pamoja, pasiwe na uowevu. Ukiona maji yanachuruzika pembeni na tui limekatika, mayai yamepita kiasi, yamejikamua yenyewe. Epua mapema kidogo, acha dakika 15 ndipo ukate. Ukikata kabla ya hapo, kipande kinamomonyoka.

Asiye na oveni apalie. Boga alikaushe kwenye kikaango. Atumie sufuria nene iliyopakwa mafuta, yenye kifuniko bapa. Makaa machache chini, mengi juu, dakika 30 hadi 35. Moto wa chini ndio unaounguza, kwa hiyo ukisikia harufu ya ukoko mapema, ondoa makaa ya chini kwanza na yale ya juu yaache.