Guni, Bikari na Timazi: Alama za Freemason Zimetoka kwa Fundi

MAZENGO: Karibuni, tupo Dodoma, mimi Mazengo na dada Sechelela. Leo ni zile alama za Freemason ambazo mtu akiziona ukutani anavuka barabara.

SECHELELA: Wakati fundi anayechimba msingi pale Nkuhungu anazo karibu zote kwenye mfuko wa saruji anaobebea vifaa! Hiki chama kilirithi vya waashi wa mawe wa Ulaya. Kwa hesabu yao wenyewe, loji 4, yaani matawi yao, za London ziliungana Juni 24, 1717. Kazi ya kujenga ikaachwa, vifaa vikabaki kuwa mafundisho.

MAZENGO: Guni na bikari kwanza.

SECHELELA: Guni, kile kipimo cha kona ya mraba, ni mwenendo wako kwa watu; bikari, ile ya miguu miwili ya kuchorea duara, ni mipaka ya tamaa. Ila angalia vilivyopangwa juu ya kitabu kitakatifu ndani ya loji. Daraja la kwanza la uanachama, ncha zote mbili za bikari zimefichwa chini ya guni. La pili, ncha moja imetoka. La tatu, zote ziko juu. Anayejua anasoma daraja kwa jicho tu. Ile herufi G ni ya maneno ya Kiingereza ya jiometri na Mungu, basi.

MAZENGO: Jiometri hiyohiyo ya fundi kupata kona kwa tatu, nne, tano?

SECHELELA: Hiyohiyo, kaka. Kanuni ya 47 katika kitabu cha kwanza cha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Imechorwa mwanzoni mwa katiba yao ya 1723, na Uingereza aliyemaliza zamu ya kuongoza loji huvaa nishani yenye mchoro huo. Kwenye kiwanja ni hivi: kutoka msumari wa kona, pima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine. Kati ya alama zako mbili ije mita 5 kamili. Ikija 5.04, kona imefunguka.

MAZENGO: Sentimita 4 si kitu, wengi wanasema.

SECHELELA: Ukuta wa mita 12 utakuwa umekimbia sentimita 20! Vigae ndivyo vitakavyokuumbua. Na kosa huwa dogo: upande mmoja umepima toka katikati ya msumari, mwingine toka ubavuni. Au upepo wetu huu wa Dodoma umeipiga tepu ikapinda. Sasa ukimwambia mtu "kaa kwenye guni", maana yake jipime kabla ukuta haujapanda.

MAZENGO: Wanayo pima maji pia, lakini kwenye picha sioni tone la hewa.

SECHELELA: Kwa sababu ni ya kale: fremu ya mbao kama herufi A, uzi wenye timazi, kile kizito cha kuunyoosha, unaning'inia toka kileleni. Ukitaka kuitengeneza, isimamishe juu ya mawe mawili, weka alama uzi unapokata mbao ya katikati. Igeuze, mguu wa kulia uende kushoto palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kifaa kinajisahihisha chenyewe hata kama miguu haikukatwa sawa. Msimamizi wa kwanza wa loji huvaa pima maji, kwa maana ya usawa wa watu. Wa pili huvaa timazi, kusimama wima. Kiongozi wao huvaa guni.

MAZENGO: Na lile jicho linalohusishwa nao?

SECHELELA: Jicho la Mungu lilikuwamo kwenye michoro ya makanisa zamani. Lile la juu ya piramidi ni la nembo ya Marekani ya 1782, likaingia kwenye noti ya dola 1 mwaka 1935.

MAZENGO: Basi vile vibandiko vya nguzo za umeme, "jiunge upate utajiri", na namba ya simu?

SECHELELA: Utapeli mtupu. Loji haimtafuti mtu kwa kibandiko: unaomba, wanachama wawili wanakusimamia, unapigiwa kura ya siri. Ada ipo, ila hairushwi kwa simu ya mtu usiyemjua. Tapeli anaanza na hela ya fomu, kisha ya pete, kisha ya "kufungua" fedha zako. Kila hatua unaona heri umalizie kuliko kupoteza ulichotoa. Na kitazame kibandiko vizuri: mara nyingi wamebandika lile piramidi la dola, bikari yenyewe haipo.