Mwaka wa Kifuani Si Mwaka wa Fulana

Ndugu wasikilizaji, leo tunatambua umri wa fulana za mtumba za kumbukumbu za haki za Weusi wa Marekani; tuanze na ule mwaka uliochapwa kifuani. Huo ni mwaka wa tukio. Tarehe 28 Agosti 1963, walioandamana Washington kudai haki za Weusi wengi wao walivaa suti, tai na magauni ya kanisani. Kumbukumbu iliyouzwa ilikuwa beji ya senti 25. Maneno "I AM A MAN" nayo yalikuwa kwenye mabango ya wazoa taka wa Memphis, 1968. Kwa hiyo fulana za matukio hayo karibu zote ni za baadaye: za miaka 20 ya maandamano, 1983, au za Januari 1986, sikukuu ya Martin Luther King ilipoadhimishwa kitaifa mara ya kwanza, au za juzi tu.

Igeuze ndani nje. Pindo la mkono likiwa na mstari mmoja wa uzi, kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Baadaye viwanda vingi vilihamia mistari miwili. Ila wapo wanaoshona mmoja leo makusudi, basi soma lebo. Marekani ililazimisha maelezo ya ufuaji kwenye lebo mwaka 1972, na alama tupu za ufuaji bila maneno zikaruhusiwa 1997. Anayefungua robota kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba akikuta alama tupu kwenye lebo ya fulana iliyoandikwa "1983" asipandishe bei.

Wino ndio mwongo mkubwa. Mchapo wa zamani wa plastisoli, yaani wino wa plastiki, ukiupapasa unauhisi juu ya kitambaa, na nyufa zake hufuata mikunjo. Vuta taratibu: ufa wa kweli hufunguka, wa kuchorwa kwenye kompyuta haufunguki. Wapo wanaomulika fulana kwa taa ya kukagulia noti, wakisema inayowaka ni mpya; msiiamini sana. Sabuni za unga zina king'arishi, hivyo hata fulana halisi iliyofuliwa juzi itawaka.

Nyeusi zina balaa lake. Nyingi zilitiwa rangi ya salfa, ambayo kwa miaka huzaa asidi inayokula pamba. Vuta pindo kidogo. Likichanika kama karatasi, imeoza, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Iliyo nzima ifuliwe kwa mkono, maji yasiyozidi nyuzi 30, bila jiki, bila kusokota, ikaushwe kivulini ikiwa imelazwa. Pasi isiguse mchapo, utayeyuka. Usiitundike, mabega yatavutika. Ikunje pembeni mwa picha na uifunike kwa karatasi isiyo na asidi, maana kwenye joto la pwani wino hunatana na wino, na ukitenganisha, picha inabanduka.