Ukiambiwa Imani Yako Ni Ndogo

ANJELA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulianza kubishana kabla hata ya kurekodi, kwa hiyo mkisikia sauti zimepanda, msishangae. Mimi ni Anjela, Mkatoliki. Niko na kaka Josephat, Mlutheri kutoka Bukoba. Tumsifu Yesu Kristo, kaka.

JOSEPHAT: Milele, amina. Na mimi nitakujibu kwa yangu: Bwana asifiwe!

ANJELA: Asifiwe sana. Haya, rudia ulichokuwa unasema, maana ulikuwa mkali.

JOSEPHAT: Nilisema kuna sentensi moja ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku makanisani. Mgonjwa ameombewa, hajapona, halafu anaambiwa, "Imani yako ni ndogo." Alikuja na ugonjwa tu, sasa anaondoka na ugonjwa pamoja na hatia. Na anayesema hivyo mara nyingi ndiye aliyeahidi muujiza. Ukitokea, sifa ni zake. Usipotokea, kosa ni la mgonjwa.

ANJELA: Hapo sina ubishi. Lakini usinikimbize. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wana imani haba. Na Nazareti je? Marko sura ya 6 inasema hakuweza kufanya mwujiza wowote kule, isipokuwa wagonjwa wachache aliowawekea mikono, akastaajabu kwa sababu ya kutokuamini kwao. Marko hasemi hakutaka. Anasema hakuweza! Sasa utaniambiaje kwamba imani haina kazi?

JOSEPHAT: Ina kazi, dada. Swali ni kazi gani. Twende Yohana sura ya 5, yule mtu wa birikani Yerusalemu. Ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza kama anataka kupona, naye anajibu nini? Analalamika! Hana mtu wa kumtia birikani maji yakitibuliwa, wenzake wanamtangulia. Hakuna mahali aliposema anaamini. Anaponywa, anabeba godoro lake, na ukifika mstari wa 13 unakuta hakujua hata aliyemponya ni nani. Nipimie imani yake.

ANJELA: Haipimiki, haipo.

JOSEPHAT: Na yule kijana wa Naini? Maiti, anapelekwa kuzikwa. Mama yake hata hakuomba, alikuwa analia tu.

ANJELA: Na mimi nakuongezea wa tatu, ingawa nakusaidia hoja. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, ambaye wenzake walitoboa paa wakamshusha na kitanda. Maandiko yanasema Yesu alipoiona imani *yao* akamwambia, mwanangu, umesamehewa dhambi zako. Imani ya wale waliombeba. Ya kwake haikutajwa. Sisi tunaobatiza watoto wachanga tunaupenda sana mstari huu.

JOSEPHAT: Sisi pia, Walutheri tunabatiza wachanga.

ANJELA: Najua, ndiyo maana nakaa na wewe meza moja.

JOSEPHAT: (anacheka) Sasa basi. Waefeso 2, mstari ambao kila mtoto wa kipaimara kwetu anaukariri: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Kinachookoa ni neema. Imani ni mkono unaopokea. Ukipewa kikombe cha maji una kiu, huwezi kusema mkono wangu ndio ulionikata kiu. Na mkono unaotetemeka unapokea maji yaleyale.

ANJELA: Vizuri. Ila kuna swali ambalo watu wengi wanaliruka. Huo mkono kaunyoosha nani? Kama ni mimi niliyeunyoosha kwa nguvu zangu, basi nina cha kujivunia. Mimi nilinyoosha, jirani yangu hakunyoosha, kwa hiyo mimi ni bora kuliko yeye. Majivuno umeyatoa mlangoni, yanarudi kwa dirishani.

JOSEPHAT: Endelea, hapo ndipo penyewe.

ANJELA: Aliyehangaika na swali hili kuliko wote ni Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo. Leo mji huo ni Annaba, Algeria. Mwanzoni yeye mwenyewe alifikiri hivyo: Mungu anatoa neema, lakini kuamini ni sehemu yetu. Baadaye akageuka, na kilichomgeuza ni swali la Paulo kwa Wakorintho: "Nawe una nini usichokipokea?" Akasema, basi hata imani nimeipokea. Wakati huo mtawa mmoja, Pelagio, alikuwa anafundisha kwamba mtu ana uwezo wa kutosha ndani yake wa kumtii Mungu, na maaskofu wa Afrika walimpinga kwenye mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago mwaka 418. Lakini suala halikuisha. Huko kusini mwa Ufaransa wakatokea wamonaki, watu wacha Mungu kabisa, wakasema: tukubaliane nusu kwa nusu, mwanadamu aanze kuamini, Mungu amalizie. Mwaka 529, mtaguso wa Orange ukakataa. Ukasema hata ule mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kuamini, ni kazi ya neema.

JOSEPHAT: Miaka karibu elfu moja kabla ya Martin Luther, yule Mjerumani tuliyepata jina kwake! Watu wangu wengi wanadhani jambo hili lilizaliwa Wittenberg mwaka 1517.

ANJELA: Na watu wangu wengi wanadhani Kanisa Katoliki linafundisha mtu anaokolewa kwa kukusanya matendo mema. Mtaguso wa Trento, Januari 1547, ulioitishwa kumjibu Luther, unasema imani ni mwanzo wa wokovu, msingi na mzizi wa kuhesabiwa haki, yaani kupokelewa na Mungu kama mwenye haki. Unaongeza kwamba chochote kinachotangulia kuhesabiwa haki, kiwe imani au matendo, hakistahilishi neema hiyo. Umesikia? Hata imani haikustahilishi. Ukisema "nimeamini sana, kwa hiyo Mungu anipe", Trento inakukatalia, na Luther anakukatalia.

JOSEPHAT: Lakini Trento hiyohiyo ikamhukumu anayesema mtu anahesabiwa haki kwa imani peke yake.

ANJELA: Ilimhukumu, sikatai. Kwa maana fulani: kama imani hiyo ni kukubali tu kichwani na nia ya mtu haishiriki chochote.

JOSEPHAT: Imani ya kichwani Luther naye hakuitaka. Katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi alisema imani ni kitu hai, chenye shughuli, hakiwezi kukaa bila kutenda mema. Dibaji hiyo ndiyo ilikuwa inasomwa London jioni ya tarehe 24 Mei 1738, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akahisi moyo wake unapata joto. Kwa hiyo hata Wamethodisti wana deni pale.

ANJELA: Na Yakobo, anayesema imani bila matendo imekufa? Ninyi mna tatizo na Yakobo.

JOSEPHAT: Luther alikuwa nalo, hakumpenda kabisa. Mimi sina. Angalia, Paulo na Yakobo wote wawili wanamtumia Ibrahimu. Paulo, kwenye Warumi 4, anakupeleka Mwanzo 15: Ibrahimu anaangalia nyota, anaamini, anahesabiwa haki, na bado hajatahiriwa. Tohara inakuja sura ya 17. Hoja ya Paulo ni hiyo, ni ya mfuatano tu. Yakobo anakupeleka sura ya 22, Isaka amelazwa juu ya kuni, miaka mingi baadaye. Mmoja anaongelea mtu anavyopokelewa, mwingine anaongelea mtu aliyekwisha kupokelewa anavyoonekana. Tena Yakobo anaowasema ni wale wanaoamini Mungu ni mmoja na kuishia hapo. Anasema mashetani nao wanaamini, na wanatetemeka.

ANJELA: Imani yao si ndogo basi! Wana uhakika kuliko mimi.

JOSEPHAT: Ndiyo maana nakwambia ukubwa si kipimo. Mtazame yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto anayeangushwa na pepo. Anamwambia Yesu, "ukiweza". Halafu analia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia nenda kafunge siku saba uongeze imani kisha urudi. Mtoto aliponywa palepale.

ANJELA: Huyo baba ndiye mtakatifu wangu. Sasa nikuchokoze kidogo. Ninyi watu wa uamsho, ule wa Afrika Mashariki wa kutubu na kuokoka, swali lenu ni "umeokoka lini?" Mtu asipokuwa na tarehe, mnamtazama kwa jicho la pembeni.

JOSEPHAT: Hilo limenipata. Uamsho ulivyoanza, Dokta Joe Church, mmisionari wa Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi wa Uganda walikutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na moto ukaenea Rwanda, Uganda, ukaja mpaka kwetu Buhaya. Watu walirudisha vitu walivyoiba, waliungama hadharani, maadui walipatana. Walichoimba ni Tukutendereza, wimbo wa Kiganda, wanamsifu Yesu kwa damu yake. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, ushuhuda nao ukawa na mpangilio wake: nilikuwa mlevi, siku fulani saa fulani nikaokoka. Asiye na hadithi ya namna hiyo akaanza kujiona hajaokoka. Hapo tarehe ilichukua nafasi ya Kristo. Nasema hivyo nikijua kuna wazee watanipigia simu.

ANJELA: Wapige tu. Kwetu kosa ni la upande mwingine. Mtu ana cheti cha ubatizo, kipaimara na ndoa, ukimuuliza anamwamini nani anakuonyesha cheti.

JOSEPHAT: Tuseme pia la Augsburg, Ujerumani. Tarehe 31 Oktoba 1999, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo kanisa letu, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja: tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, katika kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote ya kwetu. Wamethodisti wakajiunga 2006. Nashangaa kwa nini waumini wengi Tanzania hawajawahi kusikia.

ANJELA: Ila halikumaliza kila kitu. Mimi bado nasema mtu anashirikiana na neema: anaitikia, na kuitikia kwenyewe ni tunda la neema.

JOSEPHAT: Na mimi bado nasema hashirikiani, anapokea tu. Kukataa anaweza, hilo ni la kwake. Kukubali hawezi kujidai ni kwake.

ANJELA: Lakini Maria alisema "na iwe kwangu". Hakunyamaza!

JOSEPHAT: Malaika alishamwita "uliyepewa neema" kabla hajafungua mdomo.

ANJELA: Kaka, hilo ni la Wakatoliki, umeliiba.

JOSEPHAT: Lipo kwenye Luka, dada, halina hati miliki.

ANJELA: Fundi wetu anatuonyesha saa. Wiki ijayo ni Mathayo 25, kondoo na mbuzi, pale watu wanapohukumiwa kwa waliyotenda. Nakuona unajiandaa kujitetea.

JOSEPHAT: Naanza kusoma leo usiku.