Nyota Moja kwa Birika Lisilo na Hatia

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mimi Zuhura, na mwenzangu Baraka, ambaye wiki nzima amekuwa akisoma maoni ya wateja wa vyombo vya umeme badala ya kufanya kazi.

BARAKA: Hiyo ndiyo kazi yenyewe, dada. Na nakwambia, malalamiko mengi ya nyota moja ni ushahidi kwamba chombo ni kizima.

ZUHURA: Toa mfano kabla sijakubishia.

BARAKA: Birika la umeme. Kuna lalamiko linalojirudia, birika liwe la bei ya juu au ya chini: eti halizimiki lenyewe, linachemka tu mpaka maji yanapungua. Ukisoma kwa makini, mlalamikaji anakupa jibu mwenyewe bila kujua. Aliacha mfuniko wazi ili aone maji yakichemka.

ZUHURA: Mfuniko na swichi wapi na wapi?

BARAKA: Mabirika mengi ya kawaida hayapimi joto la maji, yanasubiri mvuke. Maji yakichemka, mvuke unajaa juu, unaingia kwenye tundu dogo karibu na mfuniko, unapita njia iliyofichwa hadi kwenye kibati kidogo kilichoshikana na swichi. Kibati hicho ni metali mbili zilizogandishwa pamoja, na kila moja hutanuka kwa kiasi chake. Kikipigwa na mvuke, kinajipinda ghafla, tak! Swichi inaruka. Sasa wewe umeacha mfuniko wazi, mvuke umejiendea zake hewani. Kibati hakina habari.

ZUHURA: Yaani mteja ameliziba birika masikio, halafu analishtaki kwamba halisikii.

BARAKA: Umemaliza. Na yupo mwingine, huyu msomi: akatumbukiza kipimajoto, akapata nyuzi 95, akaandika kwamba birika ni dhaifu, halifiki 100.

ZUHURA: Huyo nisingemlaumu. Sote tulifundishwa 100.

BARAKA: Ni 100 kwenye usawa wa bahari. Ukipanda, kanieneo ya hewa inapungua, na maji yanachemka mapema zaidi, kama nyuzi moja chini kwa kila mita 300 hivi. Anayeishi mita 1,500 juu atapata 95 hata umpe birika la dhahabu. Ndiyo maana naupenda huo mtindo wa mvuke: swichi ingekuwa inasubiri namba 100, huko juu isingezimika milele.

ZUHURA: Sawa, birika umelitetea. Jokofu je? Maana mimi nimesoma watu wakisema jokofu jipya lina moto ubavuni, ukiligusa unatoa mkono. Kitu cha baridi kinachotoa joto, mtu asilalamike?

BARAKA: Alalamike siku ubavu ukiwa baridi na maziwa yameharibika! Jokofu halitengenezi baridi, Zuhura. Linachukua joto lililo ndani, linalihamishia nje. Zamani ungeona mabomba meusi nyuma, ndiyo yaliyokuwa yanalitoa. Siku hizi majokofu mengi yamefichiwa mabomba hayo kwenye kuta za pembeni. Ukijaza vyakula vya uvuguvugu siku ya kwanza, joto lote hilo lazima litokee mahali.

ZUHURA: Na wale wanaofungua mlango wa jokofu ili chumba kipoe?

BARAKA: Chumba kinazidi kupata joto. Joto linatolewa ndani na kurudishwa chumba kilekile, halafu umeme unaotumiwa na kompresa, yaani pampu ya jokofu, nao unaishia kuwa joto. Ungezima tu ukakaa gizani, ungepata nafuu.

ZUHURA: Mashine ya kufulia. Hapa najua utamtetea mwenye kiwanda, nami nitampinga.

BARAKA: Ile inayotembea?

ZUHURA: Hiyo. Mtu ananunua mashine mpya, anaiwasha, ikifika kwenye kukamua inaruka na kupiga kelele hadi inahama ukutani. Nyota moja, na maneno makali.

BARAKA: Bolti za kusafirishia. Pipa la mashine limening'inizwa kwa springi ili liyumbe bila kuyumbisha mwili. Njiani lingegongagonga, kwa hiyo kiwandani hulifunga kwa bolti nyuma. Zisipotolewa, springi hazina kazi, na mtikisiko wote unahamia kwenye sakafu. Imeandikwa kwenye kijitabu.

ZUHURA: Kijitabu chenye lugha kumi na mbili na herufi za mchwa! Kitu ambacho usipokitoa kinaweza kuharibu mashine, kikae nyuma, upande ambao mnunuzi hauoni? Mimi nyota moja hiyo ningeiacha. Kosa la mteja, ndiyo, lakini anayefuata akiisoma ataenda kuangalia nyuma.

BARAKA: Hmm. Hapo umenipata. Lalamiko lenye makosa linaweza kuwa maelekezo mazuri kuliko kijitabu.

ZUHURA: Mikrowevu, haraka haraka, muda unatukimbia.

BARAKA: Chakula cha moto pembeni, baridi katikati. Mawimbi yake hupenya sentimita chache tu. Katikati hungoja joto lisambae lenyewe. Koroga, subiri dakika, rudisha. Na jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, lisipopasha sufuria ya alumini si bovu. Weka sumaku chini ya sufuria. Isiponasa, majiko mengi ya aina hiyo hata hayataitambua.

ZUHURA: Mimi wanaonitisha si wa nyota moja, ni wa nyota tano. Nimeona mtu anasifu hita ndogo ya mezani: inakula umeme kidogo kuliko ile kubwa, na inapasha chumba kizima vilevile. Wengine wanashukuru, wanasema wanaiagiza.

BARAKA: Haiwezekani. Hita ya kawaida hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Wati 500 ni joto la wati 500, iwe imefungwa kwenye boksi la bei gani. Kinachobadilika ni joto linaelekezwa wapi. Hiyo ndogo ilikuwa miguuni pake.

ZUHURA: Na hakuna anayehoji sifa. Kisha kuna yule anayetoa tano hata boksi hajalifungua, kwa sababu dereva alikuwa mpole.

BARAKA: Mimi natafuta maoni yenye muda ndani yake. "Ilikuwa hivi tangu siku ya kwanza" mara nyingi ni mtu ambaye hajakizoea chombo. "Ilikuwa nzuri, baada ya miezi minane mpini ukalegea," hapo nakaa vizuri nasoma.

ZUHURA: Na anayesema birika linampiga shoti?

BARAKA: Huyo sina fizikia ya kumweleza. Azime umeme kwenye soketi, achomoe, alirudishe dukani, na asilijaribu tena ili apate uhakika.

ZUHURA: Wiki ijayo ni zamu ya viyoyozi, na maji yanayodondoka kutoka nyuma yake.