Kulipia Miti ya Kaboni: Hesabu ya Sentimita 31

AKINYI: Karibuni. Leo tunajibu swali la wenye magari hapa Kisumu: nikilipa watu wanipandie miti Vihiga au kule Mau, moshi wa gari langu utakuwa umefidiwa? Wafula, tuanze na moshi wenyewe.

WAFULA: Tuanze na risiti za petroli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Dizeli, kilo 2.7 hivi. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita, likitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, limekunywa lita 1,250. Hizo ni kilo 2,875 za hewa ukaa. Ongeza mtungi wa gesi wa kilo 6 kila mwezi, na kila kilo ya gesi hutoa kama kilo 3. Jumla inakaribia tani 3.1.

AKINYI: Na stima?

WAFULA: Stima yetu nyingi inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo nyumba ya kawaida huongeza kidogo tu. Anayepika kwa makaa ndiye namwomba aanze na jiko kabla ya kununua mche wowote, maana tanuri la udongo la kuchomea makaa humeza kuni nyingi mno kutoa gunia moja.

AKINYI: Sasa tani tatu ni miti mingapi? Matangazo husema mti mmoja hufyonza kilo fulani kila mwaka, unagawanya, unalipa, umemaliza.

WAFULA: Wastani huo ndio unaopotosha watu. Mche wa mwaka mmoja haujabeba kitu. Kaboni imo ndani ya mti wenyewe: karibu nusu ya uzito wake mkavu, na kila kilo ya kaboni ni kilo 3.67 za hewa ukaa. Watafiti walikata na kupima miti ya mashambani huku magharibi, wakapata kanuni inayohitaji unene peke yake. Mti wenye kipenyo cha sentimita 10, ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, una takriban kilo 27 za uzito mkavu, mbali na mizizi. Hizo ni kilo 49 za hewa ukaa. Weka mizizi, ambayo ni kama robo ya hapo, unafika 60. Ukinenepa hadi sentimita 20, uzito mkavu ni kilo 149 hivi.

AKINYI: Zaidi ya mara tano! Kwa hivyo anayeukata ukiwa mwembamba amekata kabla ya faida.

WAFULA: Kabisa. Sasa gawanya tani 3.1 kwa kilo 60: unahitaji miti 52 iliyofika sentimita 10. Miche minne kati ya kumi ikifa, itabidi upande 87. Na hiyo ni petroli ya mwaka mmoja tu. Mwaka ujao, hesabu inaanza upya.

AKINYI: Mbona ife mingi hivyo?

WAFULA: Kwanza, kuchelewa. Miche hushuka kwenye lori mwishoni mwa Mei kwa sababu sherehe ilipangwa siku hiyo, na mizizi inakuta mvua inakatika. Shimo lichimbwe kabla ya masika, sentimita 45 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando na urudi chini pamoja na samadi iliyooza. Mche uingie mvua ikishalowesha udongo vizuri, Machi au Aprili. Pili, ile karatasi ya plastiki ambamo mche ulioteshwa. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya miche huizika pamoja na mche. Mizizi inajizungusha humo, na baada ya miaka miwili mti unaanguka kwa upepo.

AKINYI: Mimi naona shida ya tatu ni kupeleka mti mmoja kila mahali.

WAFULA: Hapo umegusa. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaotuama maji kisha kupasuka, na mchwa wanamaliza mkaratusi na mgrevilea michanga, hasa iliyokauka kidogo. Molo na Mau Narok, baridi ya usiku huunguza miche isiyoizoea. Vihiga mashamba ni madogo, kwa hivyo panda mipakani na kwenye matuta. Siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, inafaa huko. Ukiikata huchipua tena. Na mkaratusi usikaribie chemchemi, hata kama unakua haraka.

AKINYI: Mwenye shamba naye ana karo ya kulipa Januari. Mgrevilea ukinenepa, ni pesa.

WAFULA: Na ni haki yake. Ndiyo maana napenda mchanganyiko wenye avokado na maembe, kwa kuwa mti unaomlisha mtu hausubiri shoka. Mbao zikiwa paa, kaboni bado imekaa. Zikiwa kuni, imerudi hewani. Makubaliano yaandikwe: nani anamiliki mti, unakatwa lini, unaruhusiwa kupogolewa kiasi gani. Mlipaji asiyetaja kukata atashangaa tu.

AKINYI: Malipo yenyewe yapangwe vipi?

WAFULA: Bei ya mche ndiyo ndogo kuliko zote. Gharama iko kwenye palizi mara mbili kwa mwaka, kuzuia mbuzi, na kujaza mapengo msimu unaofuata. Mimi ningetoa asilimia 40 baada ya kupanda, 30 baada ya kuhesabu miche hai miezi kumi na miwili tangu kupanda, na 30 mwaka wa tatu. Hesabu ifanywe mwishoni mwa kiangazi, si katikati ya mvua ambapo kila kitu ni kijani.

AKINYI: Kuna wanaonunua vyeti vya kaboni, yaani hati za hewa ukaa iliyofidiwa na mradi wa mtu mwingine, badala ya kujihangaisha.

WAFULA: Sawa, lakini uliza mambo mawili. Je, kaboni imeshapimwa, au unalipia miti itakayokua? Na je, cheti kina nambari kwenye daftari la umma, kikionyesha kimefutwa kwa jina lako ili kisiuzwe tena? Kwa miradi ya ardhi ya jamii, sheria ya tabianchi ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikitolewa. Omba kuona mkataba huo wa jamii.

AKINYI: Na msikilizaji anayetaka kukagua miti yake mwenyewe?

WAFULA: Achukue tepu ya fundi cherehani. Apime mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu kama shamba lina mteremko, azungushe tepu kwenye shina. Sentimita 31 za mzunguko ndizo sentimita 10 za kipenyo. Mti usiofika hapo auandike, lakini asiuhesabu bado.